Kishikio cha uzi (cherehani)

Kishikio cha uzi ni kijiti cha chuma au plastiki juu ya cherehani, kinachovishwa kigurudumu cha uzi. Cherehani za kukanyaga, kama zile Singer nyeusi, huwa na kijiti cha wima. Nyingi za umeme zina cha kulala, chenye kifuniko cha kuzuia kigurudumu kisichomoke. Uzi uliozungushwa sambamba hufaa kijiti cha wima, kigurudumu kikizunguka nao. Uliozungushwa kwa kukatizana hutoka vyema kupitia kichwani mwa kigurudumu. Koni kubwa huhitaji stendi ya kando, na ndoano ya stendi iwe juu kabisa ya kitovu cha koni. Ikikaa pembeni, uzi huvutwa kwa kushtuka na kukatika, na fundi hulaumu sindano bure.