Nani Alimchagua Ng'ombe Huyu?

Nairobi ina maajabu yake. Ingia hoteli yoyote mjini uulize bei ya kuku, utaambiwa kienyeji ni ghali kuliko broila. Kwa kuku, neno kienyeji ni sifa. Sasa mtajie mtu yuleyule ng'ombe wa kienyeji, uone atakavyokunja uso. Maziwa yake ni ya kujaza kikombe tu, atasema. Mwili mdogo, nyama ngumu. Ng'ombe ni gredi: Friesian, Ayrshire. Hao wengine ni wale wanaofunga barabara kiangazi kikali kinapowaleta hadi mjini kutafuta nyasi, sisi tukiwapigia honi.

Dharau hii ina historia, na sehemu ya historia hiyo imegandishwa hapa hapa upande wa magharibi wa jiji.

Panda matatu mjini, fuata Waiyaki Way, pita Westlands na Kangemi, shuka Uthiru. Hapo kando ya Naivasha Road ndipo ilipo ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Ndani yake kuna hifadhi iitwayo Azizi, yenye damu, DNA na sampuli nyingine za mifugo. Nyingine zimetiwa kwenye naitrojeni ya majimaji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Si mbali na hapo, Lower Kabete, kuna benki nyingine, hii ya serikali: KAGRC. Yenyewe hutunza mbegu za madume ndani ya mirija myembamba. Ni majirani, lakini kila moja ina habari yake kuhusu ng'ombe.

Tuanze na ya Lower Kabete, maana ndiyo ya zamani. Uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mrija bila dume kuwepo, ulianza Kenya mwaka 1935. Mwaka 1946 kikaanzishwa kituo kikuu hapo Kabete, na jina la KAGRC lilikuja baadaye sana, 2011. Faida yake ilikuwa wazi. Dume mmoja mzuri angeweza kuzaa maelfu ya ndama bila kutoka zizini, na magonjwa ya kuambukizana wakati wa kupandana yakapungua. Walowezi walitaka maziwa na siagi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukahimiza wakulima Waafrika nao wafuge gredi, na baada ya Uhuru gredi ikawa alama ya mtu aliyeendelea. Sitabeza hilo. Wengi wetu tulilipiwa karo na maziwa ya gredi.

Lakini kila mrija ni uamuzi. Kuna mtu aliketi, akafungua daftari, akasema dume huyu anastahili kuendelea na yule hastahili. Ili uingie kwenye daftari hilo ulihitaji rekodi: mama alitoa lita ngapi, baba alikuwa nani. Ng'ombe wa mama mkwe wako kule Busia hana karatasi. Rekodi zake zote zimo kichwani mwa watu.

Hata Boran, ng'ombe wetu aliyepata heshima, alipitia mlango huo huo. Asili yake ni kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Wenye ranchi Wazungu walinunua ng'ombe hao, wakachagua wenye mwili na nyama, na mwaka 1951 wakaunda chama cha wafugaji wa Boran. Sehemu ya ranchi hizo ilikuwa Laikipia, ardhi ambayo Wamasai walihamishwa kwa nguvu kati ya 1911 na 1913. Basi vitabu vya ukoo vinaanza na mwenye ranchi. Ukivisoma utadhani Mborana aliwaokota tu ng'ombe njiani.

Hapo ndipo benki ya Uthiru inapoleta ushahidi mwingine.

Kati ya 2007 na 2010, watafiti walifuatilia ndama 548 magharibi mwa Kenya, karibu na mpaka wa Uganda. Walikuwa ndama wa wakulima wadogo, zebu wa kienyeji wenye nundu na pembe fupi. Walifuatwa tangu siku za kwanza za maisha hadi kutimiza mwaka, kila mara wakipimwa na kutolewa damu. Ndama 88 hawakufika. Muuaji mkubwa alikuwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe ambao wafugaji wetu wengi huuita ECF. Sampuli zao zililetwa Nairobi zikagandishwa.

Baadaye DNA yao iliposomwa, mambo mawili yalijitokeza. La kwanza: baadhi ya ndama walikuwa na chembe ya damu ya Ulaya, mabaki ya gredi aliyepita kijijini, na waliokuwa nayo zaidi waliugua zaidi. La pili: kwenye jenomu za zebu hao kulikuwa na sehemu zilizobeba alama za uteuzi.

Alama za uteuzi ni nini? Fikiria hivi. Katika kundi la ng'ombe, sehemu nyingi za DNA hutofautiana kutoka mmoja hadi mwingine, kama watu ndani ya matatu. Ukikuta sehemu moja ambapo karibu wote wanafanana, jiulize kwa nini. Pengine aliyekuwa na maandishi tofauti hapo alikufa kabla ya kuzaa. Pengine mwenye zizi alimchinja na kumwacha mwenzake awe dume la mbegu. Jenomu moja haiwezi kukuonyesha hilo. Unahitaji nyingi, za mahali pengi, zikiwa zimehifadhiwa pamoja. Ndiyo kazi ya benki.

Mwaka 2020 ulitolewa utafiti uliosoma jenomu za ng'ombe 172 wa kienyeji wa Afrika. Ulionyesha kwamba takriban miaka 750 hadi 1,050 iliyopita, zebu wenye asili ya Asia walianza kuchanganyika kwa wingi na ng'ombe wasio na nundu waliokuwa hapa tangu kale. Katika mchanganyiko huo, zebu walileta uwezo wa kuhimili joto. Wenyeji walichangia ukinzani dhidi ya magonjwa ya hapa. Hakuna chuo kilichopanga hilo. Ni wafugaji waliobadilishana ng'ombe, wakalipa mahari, wakahama na mvua, wakakumbuka ukoo upi ulivuka kiangazi.

Na mauti nayo yalichagua. Miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikafagia mazizi. Wamasai huuita msimu ule Emutai, yaani kumalizwa. Ng'ombe wa kienyeji unayempigia honi leo ni kizazi cha waliobaki. Kabla hajafika kwenye lami hiyo, ukoo wake ulishapita sotoka, kupe, ndorobo na njaa.

Thamani yake sasa inaonekana hata kwa takwimu. Mwaka 2022 watafiti, wakiwemo wa ILRI, walieleza habari za ukoo wa Boran ambao ustahimilivu wake dhidi ya ndigana kali ulikuwa wa kurithi. Walipata badiliko dogo kwenye kromosomu ya 15. Kati ya ng'ombe 20 waliolirithi kutoka kwa baba na mama, alikufa mmoja. Kati ya 97 wasiokuwa nalo kabisa, walikufa 44. Badiliko hilo halikutengenezwa maabara. Lilikuwa tayari limo ndani ya ng'ombe. Maabara ilifika baadaye na kulipa anwani.

Ndiyo maana swali la nani alichagua si la kujipa sifa tu. Likisahaulika, tunaendelea kununua mirija ya Friesian kwa vijiji vilivyojaa kupe, kisha tunamlaumu mkulima ndama akifa. Na siku jeni hiyo itakapouzwa ndani ya mrija wa kisasa wenye lebo maridadi, mzao wa mfugaji aliyeitunza atasimama foleni kama mteja.

Benki pia haitoshi peke yake. Damu iliyogandishwa mwaka 2008 inajua kupe wa 2008. Haijui kiangazi cha mwaka ujao. Anayeendelea kujifunza ni ng'ombe aliye malishoni, pamoja na mtu anayemtazama kila jioni akirudi zizini na kuamua: huyu abaki, huyu auzwe Dagoretti. Mtu huyo akiacha kufuga, mitungi ya Uthiru itabaki na kumbukumbu isiyo na mwendelezo.

Kwa hiyo kiangazi kijacho, ukikwama kwenye foleni nyuma ya ng'ombe wembamba wenye nundu, mwangalie na mchungaji wao aliyevaa shuka, fimbo begani. Tayari ameshaamua yupi kati ya hao atakayezaa.