Inaingia, Inafungika, Inaingiliana

Ukimuuliza fundi wa dizeli wa Iringa mjini kama pistoni ya shangingi itafaa kwenye hardtop ya misheni ya Tosamaganga, hatatafuta maneno. "Haziingiliani, bosi," kisha anaendelea kufungua nati zake. Kuingiliana ndiyo istilahi ya gereji kwa sifa ya kipuri kimoja kushika nafasi ya kingine na injini ikafanya kazi kama kawaida. Mwenye haya anaweza kulikwepa neno hilo kwa sababu ya maana yake ya chumbani, akaandika kubadilishana. Lakini wanaobadilishana ni watu: wewe unanipa chako, nami nakupa changu. Beringi haimpi mtu kitu. Mimi nalichagua la fundi.

Ila nalichagua kwa sharti. Kiambishi -an- kinataka uhusiano uende pande zote mbili, hiki kiingie kwa kile na kile kiingie kwa hiki. Gerejini mambo hayaendi hivyo kila mara, na sijaona mfano wa wazi kuliko injini mbili za Land Cruiser, 1HZ na 1HD-T.

Zote mbili zilitoka kiwandani kwa Toyota mwaka 1990, na ni tumbo moja. Kila moja ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kipenyo cha silinda milimita 94, mwendo wa pistoni milimita 100, ujazo cc 4,164. Taimingi ni ya mkanda. Kwa tepu ya kupimia huwezi kuzitofautisha. 1HZ ndiyo iliyojaa kwenye hardtop na pikapu za kazi za nyanda za Iringa, gari la kijiji, la zahanati na la kupeleka watalii Ruaha. 1HD-T ilikwenda kwa wakubwa, kwenye VX za mwanzoni mwa miaka ya 1990, zile ambazo Watanzania walizibandika jina la shangingi.

Tofauti imefichika juu ya pistoni. Zilaze mbili mezani, ya kila injini moja, uzifute kwa dizeli. Upana ni uleule. Ya 1HZ uso wake karibu ni bapa, kwa sababu nozeli haipigi dizeli juu yake. Inaipiga kwenye chemba ndogo iliyochimbwa ndani ya silinda hedi, moto unaanzia humo kisha unatoka kuisukuma pistoni. Ya 1HD-T ina shimo katikati mithili ya bakuli, maana huko dizeli inapigwa moja kwa moja juu ya pistoni na moto unawakia mle mle. Kwa Kiswahili tunaweza kuziita injini ya chemba na injini ya bakuli, na fundi ataelewa hata kabla hujamaliza sentensi. "Mchomo usio wa moja kwa moja" ni tafsiri sahihi ambayo hakuna atakayeitamka akiwa chini ya gari.

Sasa weka pistoni ya bakuli ndani ya bloku ya 1HZ. Inaingia, tena kwa ulaini kabisa. Lakini 1HZ inahitaji kuikandamiza hewa zaidi ya mara 22 ili dizeli iwake, wakati 1HD-T inatosheka na 18 na kitu. Bakuli likiongezwa juu ya chemba iliyokuwapo tayari, hewa inapata nafasi ya kujitanua, mgandamizo unaanguka, na asubuhi ya Julai hapo Tosamaganga utapiga stata mpaka betri ife. Ukigeuza, pistoni bapa kwenye 1HD-T, umeiondolea dizeli mahali pa kuwakia. Kwa hiyo pistoni hizi zinaingia, na haziingiliani.

Pandisha ngazi moja, jibu linageuka. Injini nzima ya 1HD-T inakaa kwenye gari lililozaliwa na 1HZ bila vita kubwa. Gia boksi inashikana nayo, bomba la ekzosi ndilo litakalotengenezwa upya. Ndiyo maana swali la "zinaingiliana?" halijibiki mpaka useme ni nini kwa nini. Muuza spea anayejibu "zote H hizo" anauza, hasaidii.

Kuzitambua kwenye gari lililosimama, wengi hutafuta turbo. Ni kipimo kibovu, kwa kuwa 1HZ nyingi zimefungwa turbo za kununua. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe. Herufi T mwishoni mwa jina kamili la injini ni turbo ya kiwandani. Ukikuta FT, hiyo ni ya 1995 na kuendelea, yenye valvu 24, na nozeli zake zimesimama wima katikati ya hedi. Usiinunulie gasketi ya 1HD-T ya valvu 12 kwa kufuata "1HD" ya mwanzo. FTE imeongezewa umeme kwenye upigaji wa dizeli. Wakongwe wanakumbuka kwamba mtego huu haukuanza leo: 2H na 12H-T za kabla ya hapo, zote cc 3,980, zilikuwa vilevile, moja ya chemba na nyingine ya bakuli.

Nimezitaja turbo za kununua, nazo zinastahili neno lao. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10, na 1HZ ya nguvu farasi 130 hivi ikiwa na mzigo Mlima Kitonga inakwenda mwendo wa kutembea. Tamaa ya turbo inaeleweka. Na turbo inafungika: bolti zinakaa, mabomba yanafika. Lakini bloku ya 1HD-T ina vijimirija vinavyorusha oili chini ya kila pistoni kuipoza, na 1HZ haina. Turbo imefungwa kwenye injini ambayo pistoni zake hazikuandaliwa kwa joto hilo. Fundi mwaminifu atapunguza upepo wa turbo, atakataa kuongeza dizeli kwenye pampu hata ukimbembeleza, na atakutaka ununue geji ya joto la moshi kabla hujapanda tena Kitonga.