Lantana na Mkilua: Kuchagua Maua ya Bustani Katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Lantana ni kichaka chenye asili ya nchi za joto za Amerika, kilicholetwa Afrika Mashariki kupamba bustani na kuzungushia uzio. Vishada vyake huvutia, njano ikigeuka chungwa au waridi. Ndiyo maana wengi humwonea huruma anayetaka kuking'oa. Hata hivyo, ndege hula matunda yake meusi na kuzidondosha mbegu mbali: mashambani, malishoni na pembezoni mwa misitu. Huko hufunga vichaka vizito ambavyo chini yake miche mingine haipati mwanga.

Majani yake yana sumu inayoharibu ini la mfugo, na ngozi ya mnyama aliyeyala huungua kwa jua. Jambo hili si dogo Kilwa na Lindi, ambako mifugo iliongezeka baada ya wafugaji kuhamishwa kutoka bonde la Usangu miaka ya 2006 na 2007.

Taifa limekwisha kuonja uchungu wa namna hii. Gugumaji, ua la zambarau la Amerika ya Kusini lililosambazwa duniani kama pambo la mabwawa, lilionekana mto Pangani miaka ya 1950. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likalifikia Ziwa Viktoria, likafunga mialo na njia za wavuvi.

Si kila mgeni ni mvamizi. Bogenvilia hupandwa kwa vipandikizi na kwa kawaida haisambai kwa mbegu. Lakini kwa nini tusianze na chetu? Mkilua, mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, hutoa maua yenye harufu ambayo akina mama huyatia katika vikuba pamoja na asumini na rehani. Wataalamu wa mimea wamelichukua jina hilohilo la Kiswahili kuwa jina lake la kisayansi: *Mkilua fragrans*. Hupenda kivuli, basi upandwe chini ya mwembe wa parokia, si katikati ya uwanja.

Mwenye lantana asiikate juu juu wala kuichoma, kwani huchipua tena. Aing'oe pamoja na kisiki kabla matunda hayajaiva, wakati wa mvua udongo ukiwa laini, wala asiyatupe mabaki bondeni.