Jalada Si Historia

Tarehe iliyochapwa si lazima iwe tarehe ya kweli. Nilijifunza hayo kwa santuri ya AC/DC, kundi la roki lililoundwa Sydney, Australia, mwaka 1973 na ndugu Malcolm na Angus Young, wazaliwa wa Uskoti.

Santuri yenyewe, '74 Jailbreak, ilitolewa mwaka 1984, kisha ikatolewa upya mwaka 2003. Ina nyimbo tano za awali za kundi hilo. Kwa muda mrefu niliamini kuwa zote ni za mwaka 1974. Kumbe sivyo! Nne zilirekodiwa mwishoni mwa mwaka huo, zikatoka Australia mwaka 1975. Ule wa tano, uliobeba jina la santuri, ni wa mwaka 1976.

Mtasema, miaka miwili ni nini? Ni mingi. Mwimbaji Bon Scott alijiunga na kundi mwaka 1974, akafariki London mwaka 1980. Kazi yake nao haikufika miaka sita. Ukizichanganya tarehe, unafuta hatua alizopiga kutoka ugeni hadi ukomavu, naye hayupo tena kutusahihisha.

Tena, wimbo mmojawapo, Baby, Please Don't Go, Mmarekani mweusi Big Joe Williams aliurekodi mwaka 1935. Hilo nalo jalada halilitangazi.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi tuulize vimeundwa lini, na nani.