Daftari la Figo: Kutoka Boston hadi Upanga

Upandikizaji wa figo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, Dar es Salaam, ulianza Novemba 2017 kwa msaada wa madaktari wa hospitali ya BLK ya New Delhi. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza. Mchangiaji alitakiwa awe ndugu, kwa hiyo kazi ya kumtafuta ilikuwa ya ukoo, na kazi ya kumpima ikawa ya maabara.

Upandikizaji wa kwanza uliofaulu, wa Boston mwaka 1954, ulihusu mapacha wa kufanana, hivyo suala la mwili kuikataa figo halikusumbua. Kwa wengine lazima makundi ya damu yapatane, kisha tone la majimaji ya damu ya mgonjwa lichanganywe na chembe nyeupe za mchangiaji na kutiwa rangi. Chembe zikifa hunywa rangi: mwili wa mgonjwa umekwisha kujiandaa kuipiga vita figo hiyo. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walionyesha kwamba kati ya figo 30 zilizopandikizwa licha ya dalili hiyo, 24 zilishindwa mara moja. Kati ya 195 zisizo na dalili, zilishindwa 8 tu.

Kaka ambaye figo yake haimfai dada yake bado ana figo nzima. Mwaka 1986 daktari Felix Rapaport alipendekeza jozi mbili zibadilishane: mke wa kundi A mwenye mume wa kundi B, na jozi nyingine iliyo kinyume chake. Korea Kusini ilitekeleza wazo hilo mwaka 1991.

Marekani ilikwama kwenye sheria. Sheria ya 1984 ilikataza kutoa kiungo kwa malipo ya kitu chochote chenye thamani. Je, figo ya mwenzako si thamani? Ubishi huo uliziweka hospitali katika wasiwasi kwa miaka mingi, wagonjwa wakizidi kudhoofika kwenye mashine za kusafisha damu, hadi sheria ya Desemba 2007 ilipotamka kwamba kubadilishana hivyo si biashara. Wakati huo wachumi Alvin Roth, Tayfun Sönmez na Utku Ünver walikuwa wamekwisha kubuni hesabu ya kompyuta ya kupanga jozi nyingi kwa pamoja, na Uholanzi ilikuwa na mpango wa taifa tangu 2004.

Kwa desturi, upasuaji wa jozi zote hufanywa wakati mmoja, kwani hakuna awezaye kulazimishwa kutoa figo baada ya ndugu yake kupona.

Ndugu anayekataliwa kwa sababu ya kundi la damu, akarudi zake Gerezani au Ilala bila kuandikwa popote, ni hasara kubwa, kwani angeweza kubadilishana na jozi nyingine. Daftari la kuanzia la watu kama yeye halihitaji mengi: kundi la damu, umri, matokeo ya vipimo, na ridhaa ya kuitwa tena.