Kwaya Huanzia Benchi la Watoto
Historia fupi ya uimbaji wa watoto, na namna tunavyowafundisha hapa Silanga



Katika kijitabu hiki cha yubilei mtasoma juu ya waasisi wa kwaya yetu, nyimbo zake, safari zake na sare zake. Ukurasa huu tumeutengea jambo ambalo halina picha nyingi: ile nusu saa ya Jumapili asubuhi ambapo watoto wetu hufundishwa kuimba. Ukiwauliza wanakwaya walijifunzia wapi kuimba, wachache watataja mazoezi ya kwaya. Wengi watataja benchi la watoto, mwalimu aliyewapigia makofi, na wimbo wa kwanza walioushika kabla hawajajua kusoma. Kwa hiyo historia ya kwaya bila historia ya watoto ni sawa na kuhesabu mavuno bila kutaja mbegu.

Mahali petu

Silanga ni kijiji kimojawapo cha Kibera, upande wa bondeni, karibu na Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953. Jina lenyewe linatukumbusha maji, maana silanga ni neno ambalo wengi wetu, hasa tuliotoka Ukambani, hulitumia kwa bwawa. Kibera ilianza na Wanubi, askari wa King's African Rifles na jamaa zao, waliopewa makao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mahali hapa palipokuwa msitu. Baadaye watu wakaja kutoka Nyanza, Magharibi, Ukisii, Ukambani na kwingineko kutafuta kazi mjini.

Ndiyo maana mtoto wa Silanga huzaliwa kwenye ploti ambayo mlango mmoja unasema Kijaluo, wa pili Kikamba, wa tatu Kiluhya, na uani wote wanacheza kwa Sheng. Akifika kanisani, wimbo humkalisha na wenzake kwenye benchi moja kabla mahubiri hayajamfikia. Mtoto wa miaka minne hawezi kueleza neema ni nini, lakini anaweza kuiimba, na maana itamfuata akikua.

Nota zetu zilitoka wapi

Shule ya Jumapili kama tunavyoijua ilipata umaarufu kupitia Robert Raikes, mchapishaji wa magazeti katika mji wa Gloucester, Uingereza. Mwaka 1780 alianzisha darasa la watoto maskini waliofanya kazi siku sita za wiki na kubaki na Jumapili peke yake ya kujifunza kusoma. Shule hizo zilienea haraka, na palipo na watoto wengi hapakosi swali: tuwafundisheje kuimba?

Mwaka 1841, katika mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull, kazi ya kutafuta jibu alipewa mchungaji kijana, John Curwen. Yeye mwenyewe hakuwa mwanamuziki hodari. Alilipata jibu kwa mwalimu mmoja wa mji wa Norwich, Sarah Glover, aliyekuwa akiwafundisha watoto kwa ngazi ya sauti iliyotundikwa ukutani. Mwalimu alielekeza kijiti kwenye ngazi, na watoto wakapanda na kushuka kwa sauti zao. Badala ya nota za mistari mitano aliandika herufi tu. Curwen akaiboresha njia hiyo, na baadaye akaongeza ishara za mkono.

Wanakwaya, mnaijua ngazi hiyo. Ndiyo do, re, mi, fa, so, la, ti iliyo kwenye karatasi zetu za mazoezi, pamoja na zile nukta mbili zinazotenganisha mapigo. Wamisionari waliileta Afrika kwa sababu ilihitaji kalamu na karatasi tu, bila kinanda. Leo besi anapokuna kichwa juu ya herufi hizo, akumbuke kwamba zilitengenezwa ili mtoto asiye na kitu aweze kuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia.

Njia hiyo imezaa makubwa. Mwaka 1897, karibu na Johannesburg, mwalimu Enoch Sontonga, aliyekuwa akitunga nyimbo za wanafunzi wake na kuziandika kwa herufi hizo hizo, alitunga "Nkosi Sikelel' iAfrika". Muziki wake leo ndio wa wimbo wa taifa wa Tanzania, na umo pia katika wimbo wa taifa wa Afrika Kusini. Na sisi Wakenya? Mwaka 1963 kamati ya watu watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilipotafuta wimbo wa taifa, iliuchukua muziki wa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Kila tunaposimama wima kuuimba, taifa zima linaimba sauti iliyotoka mgongoni kwa mama wa Tana.

Namna tunavyofundisha

Hatuna vyombo vingi, na pengine hiyo imetusaidia. Vifuniko vya soda vikitobolewa na kutungwa kwenye waya ni njuga. Chupa tupu yenye maharagwe ni kayamba. Mtungi wa lita 20 ukigeuzwa ni ngoma, mradi urudishwe kwa mwenyewe kabla maji hayajaja.

Tunaanza na majina. Kila mtoto hupigia jina lake makofi: Juma makofi mawili, Nafula matatu. Kisha upande mmoja unapiga Juma na upande wa pili unapiga Nafula, zote zikianza na kwisha pamoja. Mawili yakikutana na matatu, mtoto ameonja mdundo ambao wakubwa wengi huutafuta mazoezini kwa jasho.

Halafu tunafundisha kusikiliza. Mchezo wa "nyama nyama" wanaoucheza uani unatufaa sana, kwa kuwa anayeruka kabla ya kusikia jina la mnyama huumbuka. Tunaugeuza kidogo. Mwalimu huimba sauti mbili. Ya pili ikiwa juu watoto wanaruka, ikiwa chini wanachutama. Baada ya wiki chache, aliyekuwa akiimba kwa kupayuka ameanza kusikia jirani yake.

Wimbo mpya hatuwapi wote kwa mkupuo. Mwalimu huimba mstari mmoja, watoto wanaujibu. Maneno tunayachora kwa makaa kwenye katoni: jua, mkate, mti, mkono. Tukishaimba mara moja tunafunika picha moja, tukirudia tunafunika nyingine, mpaka katoni yote imefunikwa na wimbo umebaki kichwani.

Mchezo wanaoupenda zaidi ni wa kuficha kifuniko. Mtoto mmoja anatoka nje, kifuniko kinafichwa, kisha anarudi kukitafuta. Akiwa mbali wenzake wanaimba polepole kwa sauti ya chini; akikikaribia, sauti inapanda. Hakuna anayeruhusiwa kunyoosha kidole wala kupiga kelele. Kwa njia hiyo wanarudia wimbo mara kumi bila kuchoka, na wanajifunza kuongeza na kupunguza sauti, jambo ambalo mwalimu wa kwaya hulisemea mpaka akauke koo.

Kisha kuna ishara za mkono. Ngumi usawa wa tumbo ni do. Kiganja kilicholala ni mi. Kiganja kinachotazama kifua ni so. Ngumi ikifika usawa wa uso, ni do ya juu. Mvua ya Aprili ikipiga mabati yetu hapasikiki neno, na mwanafunzi wa nyuma hamsikii mwalimu hata kidogo, lakini anauona mkono. Mvua inaendelea kunyesha na somo linaendelea.

Mwaka wa kimya

Thamani ya jambo hili tuliiona lilipoondoka. Machi 2020 Korona iliingia Kenya, na shule na makanisa yakafungwa. Tarehe 6 Julai mwaka huo Serikali ilitangaza kwamba nyumba za ibada zingefunguliwa kwa hatua, kwa masharti: waumini wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 pamoja na waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Shule za Jumapili na madrasa zilibaki zimefungwa.

Tazameni masharti hayo kwa jicho la mwimbaji. Waliobaki nje ni wazee wanaojua nyimbo za zamani na watoto wanaopaswa kuzipokea. Sharti liliwekwa ili kulinda maisha, na tulilitii. Lakini uzi wa wimbo ulikatika ncha zote mbili, sisi wa katikati tukabaki tumeushika. Katika maisha ya mtu mzima miezi hiyo ni kipande kifupi. Kwa mtoto aliyekuwa na miaka mitano ilikuwa sehemu kubwa ya umri wake, na nyimbo ambazo angezishika wakati huo bila jasho, ilibidi afundishwe upya.

Korona imepita, lakini kimya kina njia nyingine za kurudi. Ibada ikichelewa, kinachopunguzwa kwanza popote ni wimbo wa watoto. Mwalimu mmoja akihama, au nyumba zikibomolewa na familia zikasambaa, darasa zima linaweza kuzimika bila mtu kutangaza.

Yubilei hii inatuomba nini

Keki italiwa na mahema yatarudishwa. Tunaomba mambo matatu yabaki. Kwanza, kila Jumapili kila sauti, yaani soprano, alto, tena na besi, itoe mwanakwaya mmoja aketi na watoto, si kuwasimamia bali kuimba nao. Pili, wimbo wa watoto uwe na nafasi yake katika ibada, usiimbwe tu dakika zikibaki. Tatu, wazee wetu waalikwe kwenye darasa la watoto, kila mmoja na wimbo mmoja wa lugha ya kwao, ili ncha zile mbili za uzi zifungwe tena.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 21, watoto walipaza sauti hekaluni, wakuu wakakasirika, na Bwana akawatetea watoto. Kanisa linalowapa watoto nafasi ya kuimba liko upande wake.

Kwa walimu wote wa watoto, waliopita na waliopo, tunasema asanteni. Mlitupigia makofi tulipokuwa hatujui kuhesabu, na kwaya hii ni kazi ya mikono yenu. Mungu awabariki, aibariki Silanga, na awape watoto wetu sauti ya kuimba katika yubilei zijazo.