Umepauka, Si Mkavu

Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja. Ikishakata mwezi wa Aprili au Mei hairudi mpaka Novemba, na katikati hapo huingia kipupwe na upepo wake mkavu, unaovuma tambarare bila kizuizi hadi kwenye maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai. Majira hayo mwanamke akiingia duka la vipodozi kutafuta poda, swali huwa lilelile: “Dada, ngozi yako kavu au ya mafuta?” Naye hujitazama mikono, hujibu: “Kavu.” Mara nyingi jibu hilo si sahihi, na neno la kulisahihisha tunalo siku zote: kupauka.

Ngozi kavu ni aina ya ngozi. Vinyweleo vyake hutoa mafuta kidogo, masika na kiangazi, Singida na Tanga. Kupauka ni jambo linaloipata ngozi yoyote, hata ile ya mafuta: upepo umeinyang'anya maji, ikabaki na rangi ya majivu. Ndiyo maana tunamwambia mtu “umepauka”, kwa -me-, kama tusemavyo kanga imepauka kwa jua; tunataja kilichotokea, si alivyoumbwa. Tofauti na kanga, ngozi hurudi.

Na hapo ndipo poda inapochaguliwa au kukosewa. Poda nyingi ni talki au wanga wa mahindi, na kazi yake ni kunyonya. Hunyonya mafuta ya uso, lakini haibagui, hunyonya na unyevu. Ukiipaka juu ya uso uliopauka hunasa kwenye magamba madogo, na kila mstari unaonekana. Aliyepauka haponi kwa kubadilisha poda. Apake kwanza mafuta au losheni wakati uso bado una umajimaji wa kunawa, asubiri iingie, kisha aguse poda kidogo puani na kwenye paji panapong'aa. Mkoa unaokamua alizeti haukosi mafuta! Mwenye ngozi kavu ya kuzaliwa, yeye atafute poda iliyoshindiliwa kwenye kikopo, kwa kuwa huwa na mafuta kidogo ya kuishikamanisha. Ile ya unga mtupu inamfaa zaidi mwenye uso wa mafuta.

Kuhusu rangi, kwa miaka mingi neno “poda” kwetu lilimaanisha poda ya mtoto, nyeupe, ya shingoni na kifuani. Ikipanda usoni, mtu mweusi anatoka na kijivu ambacho hakuzaliwa nacho. Leo makopo yana namba na majina ya kigeni, na muuzaji hulazimika kukisia. Mimi ningeanzia kwenye “maji ya kunde”. Watu hulitumia kama jina la rangi moja, lakini mpishi anajua kwamba kunde nyekundu na kunde nyeupe hazitoi maji ya namna moja: haya yana wekundu, yale yanaelekea manjano. Basi weusi wa watu wawili unaweza kulingana kabisa, na poda ya mmoja ikamkataa mwenzake, kwa sababu chini ya weusi huo mmoja ana wekundu na mwingine ana umanjano. Hilo halionekani mgongoni mwa mkono, chini ya taa ya duka. Paka kidogo kwenye taya, toka nje juani, utazame kama rangi imepotea ndani ya shingo.

Neno la kuogopa ni “kung'arisha”. Poda inaweza kung'arisha kwa chembe za ulanga zinazorudisha mwanga, na jioni ukinawa zinaondoka. Lakini neno hilo hilo hubandikwa kwenye dawa za kuchubua, na kuchubua ni kutoa ngozi. Lugha imelisema wazi, kopo ndilo linaloficha. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, geuza kopo usome viambato. Kama hakuna hata kimoja kilichoandikwa, usilinunue.